Jina la Mtoto Tanga: Kulichagua, Kulitetea na Kulifikisha Kwenye Cheti

Mtoto akizaliwa hospitali ya Bombo leo, kitovu hakijadondoka na jina lake limeshagombaniwa. Bibi mzaa baba amepiga simu kutoka Lushoto kukumbusha jina la marehemu mumewe. Shangazi wa Makorora ana jina alilolitoa kwenye tamthilia ya Kituruki. Mama mtoto ana orodha kwenye simu. Baba mtoto yuko kimya, anapima upepo. Hayo ni ya kawaida na huisha. Linalowasumbua wazazi kimoyomoyo ni jingine: watu watalionaje jina hili? Watasema la kishamba? La uswahilini? La kibara? Au watasema tunajitia uzungu?

Mwongozo huu ni wa mzazi wa Tanga, wa mjini au wa Muheza, Pangani, Korogwe na kule milimani, anayetaka kulimaliza jambo hili bila kukosana na ukoo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Anayelicheka jina huwa anamcheka mwenye jina: kwao, mfuko wa babake na mtaa anaokaa. Mwenye jina akipanda, kicheko hukata. Kwa hiyo usipoteze nguvu nyingi kulitafuta jina lisilochekwa, maana halipo. Tafuta jina ambalo una sababu nalo, linalotamkika na wanaomlea mtoto, na linaloandikika kwa namna moja tu.

Hatua ya kwanza: jua nani anatoa jina, na lini

Kwa Waislamu wa pwani, muda wenyewe ni siku ya saba. Mtoto keshaadhiniwa sikio la kulia na kukimiwa la kushoto alipozaliwa. Siku ya saba ananyolewa, akika inachinjwa kwa mwenye uwezo, mbuzi wawili wa mtoto wa kiume na mmoja wa mtoto wa kike, na jina linatangazwa. Likishatangazwa mbele ya wazee limeganda. Ukija siku ya kumi na orodha yako ya kwenye simu, umechelewa.

Kwa Wakristo ubatizo huweza kuchukua miezi, na huo muda ni mtego. Mtoto anaitwa "Beibi" au "Toto" hadi jina linazoeleka, na siku ya ubatizo linatajwa jina ambalo hakuna mtu nyumbani atakayelitumia.

Kisha kuna suala la upande. Katika familia nyingi za Kisambaa na Kibondei upande wa baba unadai mtoto wa kwanza, jina la babu au la bibi mzaa baba, na wa mama wanangoja zamu. Kwa Wadigo, ambao kwa asili urithi wao ulipita kwa mjomba, usishangae mjomba akawa na sauti kubwa kuliko ulivyotarajia. Ndoa za mchanganyiko ndizo zenye kazi: Mdigo kamuoa Msambaa, kila upande unajua mila yake na unaiona ya mwenzake ni utani.

Dawa ni kikao kifupi mimba ikiwa bado changa, kabla mtu yeyote hajajitangazia jina. Na hapo tumia hoja ambayo wengi huisahau. Nyaraka zetu zinakwenda kwa majina matatu: la mtoto, la baba, la babu. Mzee anayelia kwamba jina lake litapotea, mwoneshe kwa heshima zote kuwa limo tayari, ni la tatu. Atakalokuwa anakuomba hapo ni lirudiwe mara mbili, na ukishalieleza hivyo wazee wengi hulegea. Wasiolegea, wape. Jina la babu halijawahi kumuua mtoto.

Ukirithisha jina la mkwe, kuna jambo la ziada. Mke hamtaji mkwewe kwa jina. Kwa hiyo mtoto aliyepewa jina la babu yake ataitwa "Babu", "Mzee" au "Baba" na mamake mwenyewe, na bibi naye atamwita "mume wangu". Raha sana, mpaka siku ya kwanza ya shule. Mwalimu anasoma "Hasani", darasa zima kimya, mwalimu anarudia, na Hasani yuko dawati la mbele anamwangalia tu kwa sababu hajawahi kulisikia. Fundisha jina la cheti mapema. Shangazi na majirani, wasiofungwa na heshima ya ukwe, wapewe kazi hiyo.

Hatua ya pili: andika majina yaliyopo nyumbani

Kaa na mtu mzima kuliko wote aliye hai, chukua daftari, rudi nyuma hadi anapoishia kukumbuka. Usiulize jina tu, uliza kwa nini lilitolewa. Utakuta ya wakati: Juma, Hamisi, Idi, Maulidi, Rajabu, Ashura, Chausiku. Utakuta ya hali ya nyumba: Shida, Tabu, Mashaka, Subira, Riziki, Majaliwa. Utakuta ya mpangilio, Mosi, Pili, Tatu, na pacha walioitwa Hasani na Huseni au Kulwa na Doto. Utakuta ya ukoo, Mhina, Kimweri, na yale yanayoanza na She- kwa Wasambaa au Se- kwa Wazigua na Wabondei. Na utakuta jina moja la ajabu alilopewa mtoto aliyezaliwa baada ya ndugu zake kufa, jina baya la makusudi ili kifo kimpite. Hilo la mwisho usilirithishe kabla hujaisikia hadithi yake yote.

Hatua ya tatu: zijue dharau, na zilikotoka

Hapa nitakaa, maana ndipo wazazi wanapotishwa na vitu wasivyovijua asili yake.

Ya kwanza ni ya zamani kuliko zote. Mwambao huu ulikuwa na waungwana na watumwa, na majina yaligawanywa kama vyumba vya nyumba. Muungwana alijitaja kwa "bin" na babake na babu yake. Mtumwa alipewa na bwana wake jina la heri au la kito: Mabruki, Faraji, Baraka, Feruzi, Almasi. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini Pangani na hapa mjini bado unaweza kumkuta mzee anayesikia "Feruzi" na kutulia kidogo kabla ya kuuliza "wa nani huyo?" Sasa litazame Baraka. Limeingia makanisani, limeingia maofisini, limekuwa jina la kijana wa benki, na hakuna anayekumbuka tena. Jina halikubadilika hata herufi.

Ya pili ni ya Mwana-. Mwanaidi, Mwanahamisi, Mwanajuma, ambalo mdomoni limekuwa Mwajuma. Zamani "Mwana" ilikuwa heshima ya bibi wa kiungwana. Ndivyo alivyoitwa Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mtunga utenzi. Leo mchekeshaji akitaka mwanamke wa uswahilini, mpiga umbeya wa bombani, humpa jina la Mwajuma, na watoto shuleni humalizia "ndala ndefu". Mama wa Raskazone, mtaa wa wenye nacho, hatamwita bintiye Mwanaidi hata aliyezaliwa siku ya Idi yenyewe. Atamwita Hanan au Ilham. Ni majina mazuri, siyachukii. Ila mjue kwamba Mwanaidi ana umri mrefu zaidi hapa kwetu kuliko Hanan.

Majina ya siku na miezi nayo yanaitwa ya watu wasio na la kusema: "walikosa jina wakatazama kalenda". Mwambie anayesema hivyo kwamba mshairi mkubwa kuliko wote aliyetoka Tanga, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alibeba jina la mwezi unaotangulia Ramadhani. Shaaban, na la pili Robert juu yake. Hebu fikiria ukoo wa leo ungemsema vipi. Au mtajie January Makamba, aliyeingia bungeni mwaka 2010 kuiwakilisha Bumbuli. Amezaliwa tarehe 28 Januari, akaitwa hivyo, basi. Mwezi wa Kizungu unaonekana usomi, mwezi wa Kiislamu unaonekana ushamba, na mantiki yake sijaiona.

Majina ya hali, akina Shida na Tabu, nawaelewa zaidi wanaoyakwepa. Mtoto wa kike anayeitwa Tabu atasikia mzaha mmoja maisha yake yote. Lakini usiyaweke kapu moja na Riziki, Subira na Majaliwa. Nchi hii imewahi kuwa na Waziri Mkuu aliyeitwa Majaliwa, kuanzia mwaka 2015 hadi 2025, na mwaka 2021 tukapata Rais ambaye jina la babake ni Suluhu. Hayo ni maneno yetu ya kila siku, na yameapishwa kwa mizinga.

Ya kibara ndiyo dharau yetu mbaya kuliko zote, kwa sababu imekaa juu ya vibarua. Mkonge uliletwa Pangani mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yakaenea Muheza, Korogwe na kandokando ya reli. Wenyeji hawakuwa na hamu ya kukata mkonge, wakaletwa watu kwa mikataba kutoka Kigoma, Njombe, Unyamwezi, Msumbiji na kwingineko. Waliitwa manamba. Wajukuu zao wako nasi, wamezaliwa hapa, Kiswahili chao ni cha Tanga kabisa, lakini jina likianza na Nda- au Nta- utasikia: "huyu wa kambini." Mzazi wa Muheza mwenye jina la Kiha anajiuliza kama alifiche nyuma ya Omari. Mimi ningesema aliweke wazi. Kwa miaka mingi vyeti vya mitihani vya watoto wa nchi hii, pamoja na vya wale waliokuwa wakicheka, vilitoka katika baraza ambalo Katibu Mtendaji wake aliitwa Joyce Ndalichako, baadaye Waziri wa Elimu na mbunge wa Kasulu Mjini, Kigoma. Sijasikia aliyekikataa cheti chake.

Wasambaa nao hawasalimiki. Kijana wa Mlalo akishuka Dar na jina la Kimweri anajigeuza "Kim". Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambaa kutoka Vuga hadi alipofariki mwaka 1862, na mamlaka yake yalifika hadi pwani. Matajiri wa Msasani wanatoa anwani ya Barabara ya Kimweri bila aibu. Walio Sinza wanapanda daladala za Shekilango. Aliyeona haya ni mwenye jina peke yake.

Na kuna dharau ya kurudi, maana sisi wa Ngamiani hatujalala. Mtoto wa jirani akiitwa Jayden, mtaa mzima utamwita Jeideni kwa kusudi, na bibi yake atamwita Jeideni bila kusudi. Tunawacheka wenzetu wa Kilimanjaro kwa Godlisten na Goodluck, huku nyumbani tuna Siwema na Sikujua.

Hatua ya nne: lipitishe jina kwenye majaribio

Bakiza majina matatu au manne, usizidishe. Kisha:

Lipigie kelele. Simama mlangoni uliite kama vile mtoto yuko mwisho wa uchochoro na magharibi imeingia. Jina lisilopigika kelele litakatwa na watoto wenzake, na watakalolikata hukulichagua.

Mpe bibi alitamke. Wengi wetu wa bara ya Tanga "dh" inatoka "z", na "th" inatoka "s". Ramadhani anakuwa Ramazani, Athumani anakuwa Asumani. Hilo si kosa na halizuii kitu, ila kama roho itakuuma kila ukilisikia, chagua lingine sasa.

Yasome yote matatu pamoja. Juma Hamisi Juma si dhambi, lakini kuna Juma Hamisi Juma wengi kuliko wanavyoweza kuhesabika, na siku ya kutafuta jina lake kwenye orodha ya mkopo wa chuo utamwonea huruma. Ukiwa na baba na babu wenye majina ya kawaida sana, la kwanza liwe na utambulisho kidogo. Ukiwa na la tatu zito kama Shemdoe, la kwanza linaweza kuwa Asha tu na likatosha.

Kwa Waislamu, mwoneshe ustadhi kabla ya siku ya saba, hasa majina ya kuokotwa kwenye simu. Mengi yana sauti tamu na maana hovyo. Ukitoa Abdulrahman usikubali akatwe akaitwa Rahmani peke yake, kwani hiyo ni sifa ya Mungu, Abduli inatosha.

Hatua ya tano: chagua tahajia moja na uishike

Dharau ya tabaka hujificha hata kwenye herufi. Fatuma, Fatma, Fatima: jina moja, lakini la kwanza linasikika la Mabokweni, la pili la mwenye ndugu Unguja, la tatu la aliyesomeshwa dini Uarabuni. Hadija na Khadija, Asha na Aisha, Athumani na Othman, Hamisi na Khamis, hali ni hiyo hiyo. Makanisani vilevile: Petro, Yohana na Stefano wanadhaniwa makatekista wa kijijini, Peter, John na Stephen wanadhaniwa mameneja.

Chagua upendavyo, kwani tahajia ni yako. Kinachomuumiza mtoto ni kuwa nazo tatu. Kadi ya kliniki imeandikwa Hadija na nesi mwenye haraka, cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Khadija, mwalimu wa darasa la kwanza akaandika Hadijah, na orodha ya mtihani wa darasa la saba ikafuata ya mwalimu. Kila ofisi atakayokwenda baadaye itamuuliza kama hawa ni mtu mmoja. Andika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, libandike ndani ya jalada la kadi ya kliniki, na kila anayeshika kalamu mpe karatasi hiyo anakili. Usimtajie kwa mdomo. Jina la babu nalo liangalie: kama kwenye kitambulisho cha baba ni Shabani, usiandike Shaaban kwa mtoto kwa sababu tu inapendeza. Itakayosomwa na NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ni ile tahajia ya baba.

Hatua ya sita: tayarisha majibu

Fupi hii. Kwenye harusi, kilioni, kwenye foleni ya kliniki, mtu atauliza jina, ataguna, atasema "mbona mmempa la kizee?" Usieleze historia yote. Jibu moja, kwa tabasamu: "Ni somo yake bibi yake." Hakuna mtu wa Tanga atakayeendelea, kwa sababu akiendelea atakuwa anamtukana bibi wa watu. Kama hakuna bibi, sema maana ya jina na ugeuze mazungumzo. Mwenye kutoka upande wa ukoo anayelalamika mmeacha jina la nyumbani atakuja na "mkataa kwao mtumwa". Huyo mkumbushe jina la tatu liko wapi.

Mtoto mwenyewe naye afundishwe. Akifika miaka mitano ajue kusema majina yake yote matatu bila kuinamisha kichwa, na ajue la kwanza lilitoka kwa nani. Kicheko cha wenzake kitakuja na kitapita; kinachomshika ni kumwona mama yake akiona haya kulitaja mbele ya wageni.

Hatua ya saba: cheti

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, na kizazi kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 90. Ukizalia hospitali au kituo cha afya, hakikisha umeondoka na tangazo la kizazi, na usiruhusu nafasi ya jina iandikwe "Mtoto wa Asha" kama jina mnalo. Aliyejifungulia nyumbani aanzie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Usajili uko chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Wilayani unafanyika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na palipo na mpango wa watoto wa chini ya miaka mitano cheti hutolewa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata bila malipo. Ukipitisha muda utatakiwa ushahidi zaidi, kama kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo, na huko ndiko zile tahajia tatu zinakoanza kukusulubu.

Cheti kikitoka, usikikunje. Kisome hapo hapo dirishani, herufi kwa herufi, jina la mtoto, la baba, la mama, tarehe, huku karani bado yuko mbele yako. Kosa la herufi moja likionekana pale linarekebishwa pale. Likionekana mtoto akiwa kidato cha nne, utahitaji kiapo mbele ya wakili au hakimu, na barua juu ya barua. Na kwa mtu mzima anayetaka kuliacha kabisa jina alilopewa, njia ni hati ya kubadili jina inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Baada ya hapo anakwenda NIDA, benki, laini ya simu na pasipoti, kila ofisi na foleni yake.